Mstari wa Tatu wa Jenerali

Sauti niliisikia kabla sijamwona mwenyewe. Ilitoka nyuma ya pazia la mlango, sauti ya mzee yenye mkwaruzo kidogo, ikighani mistari minne polepole, na kila mwisho wa mstari ikitua kama mtu anayeweka kikombe mezani. Nilizima pikipiki. Mistari ile niliijua. Niliitunga mimi.

"Mbona umeduwaa?" akasema Mak Usu nyuma yangu. "Shuka. Mguu wangu umekufa ganzi."

Mak Usu ni mama yangu mdogo. Amenilea tangu nina miaka tisa, na anauza ng'onda katika soko la Flamboyan, hapa Pontianak. Siku hiyo alikuwa amevaa nguo yake ya Idi na kujipaka manukato mengi, lakini harufu ya samaki ilikuwa imemkaa miaka thelathini na haikuhama kwa alasiri moja. Mapajani alikuwa amepakata sinia ya keki za bingke. Tulikuwa tumekuja kwa Pak Sapar, yaani mzee Sapar, kumchungulia binti yake, Mardiah.

Kuchungulia huku kuna utaratibu. Mtu mzima wa upande wa kijana anakwenda kwa wazazi wa msichana, anakunywa kahawa, anazungumzia hali ya hewa, na katikati ya hali ya hewa anauliza kama msichana bado hajachukuliwa. Kijana mwenyewe hubaki nyumbani. Akilazimika kwenda, kwa mfano kwa sababu mama yake mdogo hajui kuendesha pikipiki, basi hukaa karibu na mlango na kufunga mdomo. Pak Sapar akisema ua, ndivyo msichana anavyoitwa siku hiyo, halijachukuliwa, tungerudi na posa. Akisema limechukuliwa, hakuna wa kumuuliza mara ya pili. Mardiah alikuwa ameniambia mara mbili ninyamaze, mara ya pili kwa maandishi.

Sababu ya kunihimiza hivyo alikuwa nayo.

Mchana natengeneza printa kwenye duka la kutoa kopi karibu na chuo. Kazi yangu nyingine haina mshahara. Wezi wa filamu huzitupa kwenye tovuti zao, na watu kama mimi tunaziandikia tafsiri chini ya picha, bure, ili muuza tambi wa Siantan naye ajue Mkorea anasema nini. Malipo yetu ni jina. Kila mtafsiri huweka jina lake mwanzo wa filamu, kisha salamu kwa mama yake, kisha onyo kali kwa yeyote atakayenakili kazi yake bila ruhusa. Ndiyo, tunaonyana hivyo. Mimi nilijiita Bujang Kapuas, na faili zangu zilikuwa mia mbili na kumi na nne.

Wenzangu wanatafsiri. Mimi nilikuwa natafsiri na kuongeza. Filamu ikinyamaza kwa muda mrefu, mtu anatazama mto au anatazama maiti, naona nafasi inaharibika bure, basi naijaza kwa pantun. Ni mistari minne: miwili ya kwanza inazurura, miwili ya mwisho inasema ilichokuja kusema. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza harusini, kwa kusikiliza wengine wakikosea. Watazamaji walikuwa wakiniandikia kwamba maneno ya filamu wanayapitisha haraka ili wafike kwenye vimya.

Sasa Pak Sapar. Huyu kwa miaka kumi na saba alikuwa na duka la kukodisha filamu, diski halali peke yake, kila moja na kibandiko cha serikali. Wauza diski feki wa barabarani walimvunja mguu mmoja, mtandao ukamvunja wa pili, na duka likafungwa. Hakuuza hata diski moja. Alizihamishia sebuleni. Katika uchochoro wao wa nyumba ishirini na mbili, yeye peke yake ndiye aliyelipia filamu kila mwezi kwa kampuni ya mtandaoni. Wezi wa filamu hakuwapenda, na hakuficha.

Kumbe alikuwa ndani ananighani.

"Asalamu aleikum," Mak Usu akaita.

"Waaleikumu salamu. Karibu, Usu, karibu ndani. Na huyu?"

"Dereva."

"Dereva hana jina?"

"Darwis. Mtoto wa marehemu dada yangu."

"Kaa, Darwis."

Nikakaa karibu na mlango. Kuta tatu zilikuwa rafu za diski kutoka sakafuni hadi darini. Ukuta wa nne ulikuwa na runinga, na kando ya runinga kulikuwa na karatasi iliyobandikwa, yenye majina yaliyoandikwa kwa kalamu nyekundu. Bujang Kapuas alikuwa wa tatu kutoka juu. Nikatazama vidole vya miguu yangu.

"Moshi mwaka huu umechelewa," akasema Mak Usu.

"Utakuja tu. Wakianza kuchoma mashamba utakuja."

"Mwaka jana ng'onda wangu wote walinuka moshi. Nikawauza kama samaki wa kukaushwa kwa moshi."

"Walinunua?"

"Walirudi kuulizia."

Mardiah akaleta kahawa. Kikombe changu alikiweka mwisho, na macho yake yakanikumbusha ule ujumbe wa kwenye simu. Mak Usu akasubiri aondoke, akajifuta midomo kwa ncha ya ushungi, akaingia kwenye shughuli.

"Pak Sapar, nimesikia uani kwako kuna ua limechanua. Sijui kama lina mwenyewe."

"Ua lipo," akasema Pak Sapar. Alionekana amependezwa. "Tutalizungumza. Lakini kwanza nataka mwone kitu, maana nimewaonyesha watu wote wa uchochoro huu, na nyinyi ndio mliobaki." Akachukua rimoti.

Ilikuwa filamu ya Kikorea ya vita vya kale. Jenerali yuko juu ya farasi, kwenye ukingo wa jabali. Chini yake kuna jeshi la adui. Kwa sekunde kumi hasemi kitu, upepo unampeperusha ndevu. Na chini ya ndevu, kwa herufi nyeupe, ikatokea:

Jua limewaka, ng'onda wa Mak Usu
yu juu ya jamvi, paka wazunguka;
nikifa vitani, sikudai salamu,
nikirudi hai, ahadi kumbuka.

"Mtazame mdomo," akasema Pak Sapar. "Umefungwa. Hajasema neno. Hayo ni mawazo yake. Wale wezi wa mtandaoni wanatafsiri maneno, na hayo wanayavuruga. Hawa wanaolipwa wanatafsiri mpaka mawazo."

Mak Usu alikuwa akisoma kwa midomo. "Ng'onda wa Mak Usu," akasema. "Ni mimi huyo?"

"Si wewe. Ni mama mdogo wa jenerali. Wakorea nao wana mama wadogo."

"Na wanaanika ng'onda?"

"Wana bahari."

Mak Usu akaridhika.

Mimi nilishaelewa. Mtu fulani kwenye kampuni ile, au wa ofisi waliyoipa kazi, aliagizwa atafsiri filamu ndefu kwa siku chache. Akaiona faili yangu imelala mtandaoni, akaizoa. Akafuta jina langu mwanzoni, akafuta salamu, akafuta onyo. Hakujua kwamba katikati nimo bado. Na wizi huo ningeuvumilia, nasema kweli. Hata nilifurahi. Anayeibiwa walau ana mali.

Ila mle katika mstari wa tatu walikuwa wamegusa kitu. Mimi niliandika "sikudai busu." Mtu aliona busu halifai mbele ya watoto, akaweka salamu. Dakika moja kabla, jenerali huyo huyo alikuwa amekata vichwa vya watu sita, na hivyo viliachwa.

Usu na salamu. Kina kimekufa, na mizani imezidi moja.

Pak Sapar akarudisha nyuma, akacheza tena. Salamu. Akarudisha tena. Salamu. Nilishika magoti yangu. Kisha akaweka rimoti chini, akafumba macho, akaanza kughani mwenyewe kwa ile sauti niliyoisikia nje, polepole, kama mtu anayekipenda kitu. Jua limewaka. Paka wazunguka. Nikifa vitani, sikudai...

"Busu," nikasema.

Pak Sapar akafumbua macho. Jikoni, sinia iliwekwa chini.

"Umesemaje?"

"Mstari wa tatu ni busu, Pak. Si salamu. Usu, busu. Zunguka, kumbuka. Hiyo salamu imewekwa na mtu asiye na masikio."

Kisigino cha Mak Usu kikatua juu ya kidole changu kikubwa. "Dereva ana homa tangu asubuhi," akasema.

"Kwa hiyo wewe umeitazama kwa wezi," akasema Pak Sapar.

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea. Ningesema ndiyo, nimeitazama kwa wezi, nisamehe, angenisuta kidogo, tungerudi kwenye ua. Lakini alikuwa ameipenda. Nilikuwa nimemwona amefumba macho.

"Sikuitazama kwao," nikasema. "Niliiandika. Bujang Kapuas ni mimi."

Pak Sapar akaitazama karatasi kando ya runinga, akanitazama mimi, akairudia karatasi.

"Wa tatu," akasema. "Nilidhani ni mtu mnene."

"Hapana, Pak."

"Na wewe umekuja kwangu, na keki."

"Keki ni zangu," akasema Mak Usu. "Mimi sijaiba kitu."

"Pak, jamaa wenyewe wameniibia mimi," nikasema, na sasa sikuweza kujizuia. "Hao unaowalipa. Wamechukua faili yangu ilivyo. Na bila sisi, nani hapa Pontianak angejua kuna filamu za Kikorea? Kampuni zao zimekuja juzi, watu wameshazoea, sisi ndio tuliowazoesha. Zamani hakuna aliyezileta huku."

"Mimi nilizileta," akasema Pak Sapar. Hakupandisha sauti. "Kwa meli, kutoka Jakarta. Siku kumi na nne. Zilikuwa zinakuja. Hamkuweza kungoja siku kumi na nne."

Nikasema, "Meli nyingine ilichelewa."

"Ilichelewa, ndiyo." Akanyanyuka, akaenda kwenye rafu, akagusa diski moja bila kuitoa. "Sawa. Mtu yeyote anaweza kusema mimi ni fulani. Kama ulitunga wewe, utajibu. Ukija kuchukua mke, mlangoni unapokewa kwa pantun na unajibu kwa pantun, au unarudi kwenu. Wewe umeshaingia ndani, lakini hakuna neno, nitakupokea hapa hapa."

Akakohoa, akaghani:

Diski mia tisa, zote zina vumbi,
kila Ijumaa nazifuta moja;
aliyenifunga hajatubu dhambi,
leo yuko kwangu, posa aingoja.

Vina vilikuwa vimekaa. Mizani kumi na mbili kila mstari, bila hata mmoja kuvuja. Nilikuwa nimekuja na dharau kidogo kwa mzee wa diski, nakiri, nikakuta mtu.

Nikafungua mdomo. Hakukuwa na kitu ndani. Mimi ninayejaza vimya vya Wakorea wote, nilikaa karibu na mlango ule nikisikiliza feni ya darini ikizunguka. Nilitafuta hata mistari miwili ya kuzurura. Kila nilichokiona chumbani mle kilikuwa diski. Mardiah alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, na hakunisaidia, maana hakuna anayeweza kumsaidia mtu katika jambo hilo.

"Kahawa inapoa," akasema Pak Sapar hatimaye. Akamgeukia Mak Usu kwa adabu zote. "Usu, lile ua uliloulizia. Lina mwenyewe. Mwenyewe ni mimi."

Tulipofika darajani Mak Usu akanisogelea mgongoni.

"Miaka kumi na sita nakulisha," akasema sikioni mwangu. "Unaongea kila siku. Unaongea na paka. Leo ulipotakiwa kunyamaza ukaongea, na ulipotakiwa kuongea ukanyamaza. Sijui hata nikulaumu kwa lipi."

"Lolote, Mak Usu."

"Na keki wamebaki nazo."

Wiki tatu zilipita. Katika wiki hizo nilitunga majibu arobaini na moja kwa pantun ya Pak Sapar, mengine makali sana, na hakukuwa na mtu wa kumpelekea. Nilimwambia Mardiah tutoroke. Alikuwa kazini, duka la dawa, nikamkuta anahesabu vidonge kwa kijiko.

"Tutoroke twende wapi?"

"Singkawang."

"Bang Darwis," akasema, na bang kwetu ni kaka, "Singkawang ni mwendo wa saa tatu na nusu kwa basi. Baba atakuja kunichukua na kurudi kabla chakula hakijapoa." Akamaliza kuhesabu. "Sitoroki. Na mwingine simtaki. Nimemwambia hivyo hivyo. Nyinyi wawili mtakaa mnatazamana mpaka mmoja achoke."

"Amesema nini?"

"Hajasema. Ameandika barua."

"Kwangu?"

"Kwa kampuni. Ameandika kama mteja anayelipa, kwamba mstari wa tatu wa jenerali una kosa la kina, warekebishe iwe busu."

Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa. "Ameandika busu?"

"Kwa mkono wake. Wakamjibu, wakamshukuru, wakasema watachunguza. Wakachunguza, wakagundua jenerali hasemi kitu pale. Wakafuta mistari yote minne."

"Yote?"

"Sasa jenerali anakaa tu juu ya farasi. Baba ameitazama mara tatu. Jana kaandika barua ya pili."

Mistari ile niliitunga kwa ajili yake, Mardiah, na alijua. Alikuwa amenigombeza kwa kuiweka kwenye filamu, na baada ya hapo alikaa miezi akimsikia baba yake akiighani sebuleni, na baba mwenyewe hajui ilitungiwa nani. Sasa ilikuwa imebaki kwenye nakala za wezi tu. Pak Sapar angeweza kuipata kwa kubonyeza mara mbili. Hakubonyeza.

Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, simu yangu ikalia nikiwa nimeingiza mkono ndani ya printa.

"Njoo," akasema Mardiah. "Anakuita."

"Kwa wema?"

"Kakaa mbele ya runinga na haijawashwa. Njoo."

Nilipofika alikuwa ameiwasha runinga, ila haikuonyesha filamu. Ilionyesha maandishi kwenye weusi. Pak Sapar alikuwa amevaa shati la kutokea, lililopigwa pasi, na mkononi ana karatasi. Mbele yake mezani kulikuwa na rundo la vipande vya boksi, kila kimoja ukubwa wa kiganja.

"Soma," akasema, akanipa karatasi. "Wewe ni mtaalamu wa mambo haya."

Ilikuwa barua ya kampuni, aliyoichapisha. Walikuwa wakishughulikia barua yake ya pili, wakaifungua akaunti yake, wakakuta inatumiwa na runinga ishirini na mbili. Wameifunga.

Nilivitazama vile vipande vya boksi. Kila kimoja kilikuwa na neno la siri la Pak Sapar, kwa mwandiko mzuri wa mwenye duka.

"Umewapa uchochoro mzima," nikasema.

"Miaka yote nilikuwa nawahubiria. Lipieni, lipieni. Hakuna aliyelipia. Basi nikalipia mimi, nikawagawia baada ya sala ya Ijumaa, nyumba kwa nyumba, kama keki za Idi. Niliona nimewatoa watu ishirini na mmoja kwenye haramu." Alisema hivyo kama mtu anayetoa maelezo kituoni. "Wanasemaje hapo?"

"Wanasema matumizi yasiyoidhinishwa."

"Kwa lugha ya sokoni."

"Pak, si lazima..."

"Kwa lugha ya sokoni, Darwis."

"Wizi."

Akaitikia kwa kichwa. Kwenye mlango wa jikoni Mardiah alikuwa amesimama, mikono mitupu.

"Dukani kwangu mtu alikodi diski moja, akaitazama na majirani kumi," akasema Pak Sapar. "Sikumwita mwizi."

"Hapana."

"Lakini wale majirani walikuja kukodi wiki inayofuata. Ndiyo duka lilivyokuwa likienda. Hawa wangu ishirini na mmoja, mwaka mzima, hakuna aliyeuliza hata hiyo huduma inapatikana vipi." Akasukuma rundo kwa kidole. "Leo asubuhi nimezunguka kukusanya neno langu. Kumi na tisa wamerudisha. Wawili wamesema wamelikariri, na wakaniuliza kwa sababu limefungwa niwatajie tovuti ya bure."

"Wamekuuliza wewe?"

"Mimi."

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia wamuulize Darwis wa Mak Usu."

Ningeweza kucheka. Nilikuwa na majibu arobaini na moja kichwani, mengine yangefaa sana dakika ile, hasa la kumi na saba. Lakini alikuwa amepiga pasi shati kwa ajili ya kuzunguka nyumba ishirini na moja kuomba arudishiwe. Nikayaacha.

"Haukuwa wizi kama wetu, Pak," nikasema.

"Usinipangie daraja. Kaa."

Nikakaa, safari hii si karibu na mlango.

"Mardiah anasema hatoroki."

"Ameniambia."

"Na mwingine hamtaki. Ana kichwa cha marehemu mama yake, hakigeuki. Mimi nina miaka sitini na tisa, sina nguvu ya kumtazama akinuna humu ndani mpaka nife. Sitakutaka uombe radhi. Ukiomba utaitia vina, mimi nitaipenda, tutapotea wote wawili. Nakuuliza hizo faili utazifanya nini."

Nilijua angeuliza hilo. Zilikuwa kazi ya miaka sita. Kuna watu Ternate na Aceh ambao hawajui sura yangu, wanajua ni kimya kipi nitakijaza. Sina kitabu, sina kazi ya maana, jina langu halijaandikwa mahali popote ila pale, na pale penyewe si jina langu.

"Nikizifuta hawatakwenda kulipia, Pak," nikasema. "Nakwambia ukweli. Watakwenda kwa mwingine. Juu yangu kwenye orodha yako kuna wawili, na hawajui hata kutunga."

"Najua."

"Na chini yangu wapo tisa."

"Niliwaandika mimi, najua ni wangapi."

"Kwa hiyo haitabadilisha kitu."

"Haitabadilisha duka. Duka limekufa, nimelizika mwenyewe, liko ukutani. Sikuulizi kuhusu duka. Nakuuliza kuhusu mtu atakayekaa mezani kwangu ale wali wangu." Akaikunja barua ya kampuni mara mbili. "Na mistari yako waliyoifuta, waandikie. Kwa jina lako uliloitwa na mama yako, uwaambie umeitunga wewe, wairudishe, na busu lake. Mimi nimewaandikia mara mbili, anwani ninayo."

"Watakataa."

"Watakataa. Utaandika tena. Huo ndio mlango wa mbele, una foleni."

Nikamtazama Mardiah. Nilitaka anisaidie kwa jicho, walau anionyeshe kama anaona ninachokitoa. Aliona. Alikunja mikono.

"Bang, jibu," akasema. "Wali unaungua, na sitoki hapa."

Pak Sapar alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, sikio moja mbele, vile anavyosikiliza mtu akighani. Akasubiri mistari. Sikuwa na mistari, na mara hii sikuitafuta.

"Nitazifuta zote, Pak Sapar," nikasema. "Mia mbili na kumi na nne, leo, kabla ya Magharibi, nawe uje ukae kando yangu uzihesabu zikitoka. Na sitaweka tena neno langu chini ya picha ya mtu mpaka mwenye picha aniambie ndiyo."